Sinema za Kaka Yake Mwalimu Gerda

Mwezi uliopita nilialikwa kuangalia sinema ya marehemu. Mpangaji wangu hapa Kihonda, kijana mpole anayefundisha sekondari, ana kikundi cha wenzake wapenda filamu. Jumamosi mchana wanakodi ukumbi mdogo mjini, wanafunga mapazia, wanaangalia filamu za nje, halafu wanabishana mpaka mwenye ukumbi anakuja kuchukua funguo zake. Siku moja alinigongea mlango akiwa na karatasi ya tangazo.

"Shikamoo mama. Jumamosi tunamuenzi huyu mzee. Mwongozaji mkubwa wa Ujerumani, amefariki majuzi. Njoo na wewe, najua unapenda mambo ya sanaa."

"Marahaba," nikasema, nikaipokea karatasi. Palikuwa na picha ya mzee wa Kizungu, nywele nyeupe zimesimama, macho ya kijivu yanakutazama kama yanakupima uzito. Mate yakanijaa mdomoni, yale mate membamba yanayomjia mtu kabla ya kutapika. Nilikuwa namjua. Nywele zake zilikuwa bado nyekundu nilipomjua, na alikuwa amesimama ndani ya nyumba ya bibi yangu.

Hata hivyo nilikwenda. Nilikaa karibu na mlango. Filamu ilianza na mdomo wa mwanamume anatafuna viazi. Mdomo huo ulijaza ukuta mzima: mafuta yanang'aa kwenye ndevu, ulimi unasukuma bonge la viazi huku na huku, koo linapanda na kushuka. Dakika zikapita, bado anatafuna. Vijana walikuwa kimya kama wako kanisani. Mimi nilisimama nikatoka, na mpangaji wangu akanifuata nje, uso umejaa wasiwasi.

"Mama, umechoka?"

"Nimeshiba, mwanangu."

Jioni alinieleza kwa upole kwamba ukubwa wa yule mzee ni kutazama bila kupepesa macho. Haogopi ukweli, alisema. Jibu langu ni refu, na linaanzia mbali na Kihonda, juu kule Mgeta, kwenye kijiji ambacho asubuhi mawingu huingia jikoni bila hodi.

Misheni yetu ilikuwa na kanisa, zahanati na darasa la ushonaji. Darasa hilo lilikuwa la Mwalimu Gerda. Sisi watoto tulidhani ni mtawa kwa sababu hakuwa na mume, lakini hakuwa mtawa. Alikuwa mwanamke wa Kijerumani aliyekuja kufundisha cherehani kabla sijazaliwa, akabaki. Alisema Kiswahili kwa mawimbi ya Kiluguru kama mama zetu, aliwaamkia wazee wote shikamoo, na kabeji zake alizilima mwenyewe kwenye matuta. Mama yangu alikuwa mwanafunzi wake, baadaye rafiki yake.

Misheni ilipata umeme kutoka kwenye mtambo mdogo wa maji kijitoni, na Mwalimu Gerda alikuwa na runinga na deki. Jumapili, watu wakishakula, alitundika mablanketi kwenye madirisha ya darasa, akasogeza vyerehani ukutani, nasi tukajipanga kwenye sakafu ya sementi. Siku ya kwanza nilikuwa natetemeka kwa furaha. Binamu yangu aliyeishi mjini alikuwa ametusimulia video alizoziona dirishani kwa muuza vitambaa Mhindi: watu wanaruka hewani wanapigana mateke, wasichana wanaimba huku wananyeshewa mvua. Nikajua zamu yetu imefika.

"Hii ameitengeneza kaka yangu," Mwalimu Gerda alitangaza. Alisema hivyo kila Jumapili, kwa sauti ya mtoto anayeonyesha daftari lenye vema tupu.

Tukaangalia. Familia imekaa mezani inakula, hakuna anayesema neno. Juu ya kitambaa cheupe cha meza wanatambaa konokono, wakubwa, wameacha njia za ute unaometa kati ya sahani. Konokono mmoja anapanda juu ya mkate. Baba anakata kipande pembeni yake, anakula. Ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho. Jumapili nyingine mwanamke alipiga magoti bafuni, akachomoa nywele kwenye tundu la maji machafu, uzi mrefu mweusi wenye utelezi usiokwisha, akaunusa, akafumba macho kama ananusa udi. Jumapili nyingine mzee alikohoa kwenye leso, akaifungua, na kamera ikaingia ndani ya leso, ikakaa humo.

Tulizidiwa. Watoto waliziba pua ingawa runinga haina harufu. Rafiki yangu mmoja alitoka nje akaurudisha ugali wake wote. Lakini Jumapili iliyofuata tulirudi, maana runinga ni runinga, na Mwalimu Gerda alitupa karanga. Nikiogopa sana alinishika bega. "Ni kuigiza tu, mtoto. Hao ni watu wanaigiza."

Niseme haki. Mara moja kaka yake alipiga picha shamba la viazi asubuhi, ukungu unashuka polepole mpaka mtu aliyekuwa analima anapotea, unabaki mlio wa jembe peke yake. Ule ulikuwa ukungu wetu hasa. Nilikaa mdomo wazi. Nafikiri mtu huyu angeweza kututengenezea mengi ya namna ile, na ndiyo maana hasira yangu haijaisha.

Wakati wa mvua za vuli ilikuja kaseti mpya kwa posta. Mwalimu Gerda aliichana bahasha mbele yetu, akaitia kaseti kwenye deki moja kwa moja. Akatokea bibi kizee wa Kizungu amelala kitandani, mdomo wazi, hana meno. Anavuta pumzi, pumzi inakwama, inavutwa tena. Nzi anatua kwenye mdomo wa chini. Anatembea, anasugua miguu, anaingia kidogo, anatoka. Hakuna mkono unaomfukuza.

"Kafungua mdomo kama kambare!" mvulana mmoja akapiga kelele, tukaangua kicheko. Nikageuka kumtazama Mwalimu Gerda. Alikuwa ameketi nyuma kwenye kiti, mkono umeziba mdomo, mabega yanatikisika. Nikafurahi. Kwa mara ya kwanza anacheka pamoja nasi, nikawaza, na ili nimpendeze zaidi nikacheka kwa nguvu kuliko wote. Nzi alipoingia mdomoni kabisa nilipiga makofi.

Jioni alikuja jikoni kwetu. Alikaa kwenye kigoda pamoja na mama, wakanong'ona, mimi nikaambiwa nikachote maji. Niliporudi alikuwa ameondoka, na mama alikuwa anatazama moto.

"Yule kizee wa kwenye runinga," mama akasema, "alikuwa mama yake."

"Si alisema ni kuigiza?"

"Hakujua, mwanangu. Aliandikiwa barua tu kwamba mama amefariki kwa amani. Mengine ameyaona leo, pamoja na ninyi."

Ningependa kusema kwamba nililia. Nilikuwa na miaka tisa, na kilichoniganda kichwani ni kitu kimoja: mtu alikaa mbele ya mama yake mzazi, akamwona nzi, na hakunyanyua mkono. Nikahitimisha kwa akili yangu ile ndogo kwamba kaka yake Mwalimu Gerda anapenda uchafu jinsi wengine wanavyopenda sukari. Kila mtu na chake.

Mvua zilipokwisha, akaja mwenyewe. Alipanda mlima kwa miguu akiwa na kamera kifuani, kaifunika kwa koti lake wakati yeye analowa kwa ukungu. Siku ya kwanza tulimsikia Mwalimu Gerda akifoka kwa Kijerumani ndani ya nyumba yake, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, kisha kimya. Baadaye tukamwona anampelekea chakula. Ndugu ni ndugu, mama alisema, hata akikutia aibu utampa sahani.

Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili, asante na polepole, kwa hiyo tukamwita Bwana Polepole. Tulimfuata kutwa. Tulimchezea ngoma, tuliimba, tulining'inia kichwa chini kwenye mti wa mapera. Hakutugeuzia kamera hata mara moja. Alipiga picha nguruwe anayechunwa nyuma ya misheni na mbwa waliokuwa wanalamba damu. Alipiga picha mlevi aliyetapikia ndevu zake. Alilala kifudifudi njiani nusu ya asubuhi mbele ya mzoga wa paka uliojaa funza, anawapiga picha kwa upendo kabisa, mdomo wake umetabasamu.

Nilikuwa na gauni la manjano aliloshona mama kwa ajili ya Pasaka. Nilivaa siku ya kazi, nikajipaka mafuta, nikaenda kusimama mbele yake. Akanipungia mkono nisogee. Nyuma yangu kulikuwa na mbuzi mwenye jicho linalotoka uchafu, na mimi nilikuwa nimemziba.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachopaswa kufanya. Nyumbani tulikuwa na kitu ambacho hakuna mtoto mwingine pale kijijini aliyekuwa nacho.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na kidonda mguuni. Kilianza kwa kujikata na jembe, kikakataa kupona, kikala nyama kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na goti. Kila alasiri nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji ya chumvi, kuyaweka kwenye beseni, kukiosha, kisha kukifunga kwa vipande vya kanga ya zamani. Kilinuka kama maharage yaliyochacha. Niliosha huku napumulia mdomoni, na bibi alitazama migomba dirishani akinitania, jinsi bibi wanavyowatania wajukuu. "Mke mwenzangu, taratibu. Ukiniachia mguu mmoja nitacheza ngoma gani?"

Alikuwa mwanamke mwenye kiburi kizuri. Mashamba ya ukoo yalikuwa mikononi mwake, maana kwetu ardhi inafuata mama, na wajomba wazima walikuja kuinama mbele yake kabla hawajagawana hata tuta moja. Kanisani alikwenda na kanga iliyofagia ardhi. Waliokiona kidonda chake ni muuguzi, mama na mimi. Wengine walijua tu kwamba bibi mguu unamsumbua.

Nilimshika Bwana Polepole mkono. Nikamwonyesha mguu wangu, nikakunja uso, nikaziba pua. Alinitazama mimi kwa mara ya kwanza tangu afike. Macho yale ya kijivu yakawaka, akachukua kamera, akanifuata.

Mama alikuwa shambani. Bibi alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya kigoda, umefunikwa kanga. Beseni la jana lilikuwa bado chini, sikuwa nimelimwaga. "Karibu, mgeni," bibi akasema, akajiweka sawa, akatabasamu. Alidhani ameletewa salamu na ndugu yake Mwalimu. "Mpe kiti, mjukuu wangu."

Sikumpa kiti. Bwana Polepole alikwisha kupiga magoti. Aliinua kidole, akaonyesha kanga, akafanya ishara ya kufunua. Nami nikafunua.

Nakumbuka sauti ya pumzi yake. Alivuta pumzi kama mtu aliyefika mtoni na kiu. Kamera ikasogea mpaka karibu iguse nyama. Nzi wakaja, kama ilivyo kawaida yao.

"Funika," bibi akasema.

Nikamtazama Bwana Polepole. Akatikisa kichwa kunikataza, jicho moja limeganda kwenye kamera.

"Mjukuu wangu, funika. Mwambie mgeni atoke."

Nilikuwa na kanga mkononi. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Lakini yeye alikuwa ameniona, kati ya watoto wote wa mlimani mimi ndiye niliyemletea kitu, na niliogopa kwamba nikifunika nitarudi kuwa mtoto wa kupungiwa mkono asogee. Sikufunika. Bibi hakuwa na nguvu ya kuinama kuufikia mguu. Alichoweza ni kuinua upande wa kitenge chake na kuuficha uso. Kamera ikapanda polepole kutoka mguuni mpaka kwenye kile kitenge, ikakaa pale, inamsikiliza akilia.

Mama aliingia na tenga la kabeji kichwani. Alisimama mlangoni akaona yote. "Kuna nini humu?"

Bwana Polepole hakugeuka. Aliweka kidole mdomoni. "Shhh."

Alimnyamazisha mama yangu ndani ya nyumba ya mama yake. Mpaka leo nikiisikia sauti ile hata kwa mtu anayembembeleza mtoto, ngozi inanisisimka.

Mama alilitua tenga chini taratibu, kabeji hata moja isidondoke. Akainama, akachukua beseni la jana, maji yaliyolala, yenye usaha na damu na vipande vya kitambaa, akammwagia kichwani.

Sijawahi kusikia mwanamume akipiga kelele namna ile. Alirusha kamera kitandani, akaruka, akajifuta mdomo, akajifuta macho, akaona kipande cha kitambaa kimemnata shavuni, akakichomoa na kukitupa kama nyoka. Alikimbia mpaka kwenye migomba na huko akatapika, akatapika tena, mikono kwenye magoti, analia kama mtoto. Kumbe mtu yule mwenye konokono na makohozi na funza alikuwa hawezi kuvumilia hata tone moja likimgusa. Uchafu aliupenda ukiwa upande wa pili wa kioo, kwenye mwili wa mtu mwingine.

Mama alifunika mguu. Kisha alinigeukia, wala hakunipiga. "Nenda kamwite Mwalimu," akasema.

Mwalimu Gerda alikuja mbio, vipande vya uzi bado vimemnata kwenye sketi. Aliichukua kamera kitandani, akaifungua, akatoa kaseti, akauvuta utepe wake wote kwa mikono miwili, mita baada ya mita, mpaka ukawa rundo jeusi sakafuni. Kaka yake alikuwa amerudi mlangoni, uso umelowa. Alisema kitu kwa sauti ya kusihi.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema nimeua kitu kizuri sana." Mwalimu Gerda alimgeukia mama. "Nimwambie nini, mama Rosa?"

"Mwambie kizuri hicho kina mwenyewe."

Akamwambia. Kisha akaongeza maneno yake, mengi, kwa sauti ya chini, na katikati yake nilisikia neno moja ambalo hata mimi nililitambua, kwa kuwa linafanana na letu. Mama. Alilisema mara tatu. Yule bwana aliinamisha kichwa. Kesho yake asubuhi aliteremka mlima peke yake, na Mwalimu Gerda hakwenda kumsindikiza. Runinga ilifunikwa shuka. Jumapili tulibaki kucheza rede kwenye uwanja wa kanisa.

Vijana wa kikundi cha mpangaji wangu wataendelea kusema kwamba mzee yule hakupepesa macho. Ni kweli, hakupepesa. Nimeosha wagonjwa tangu wakati ule, nimewaosha wengi, ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu kwa sababu ya mgongo, na hakuna uchafu wa mwili wa mwanadamu ambao sijaushika. Haujawahi kunitapisha. Kinachonitapisha ni kumbukumbu ya mkono wa mtoto umeshika kanga, na mtu mzima anautikisia kichwa.

Siku iliyofuata baada ya tukio lile nilichemsha maji ya chumvi kama kawaida, nikaingia na beseni jipya. Mwalimu Gerda alikuwa amenitangulia. Alikuwa amepiga magoti chini, mikono ya nguo yake imekunjwa mpaka viwikoni, anaosha. Bibi aliniona, akavuta kanga.

"Weka hapo nje, Rosa," akasema.

Ilikuwa hivyo kila alasiri. Nilikuwa nimeichukia kazi ile, nimeomba kwa Mungu iniondokee, na sasa imeondoka. Baada ya wiki kadhaa bibi aliniita, akanipa muwa, akanishika kidevu. "Nimekusamehe. Ulikuwa mtoto, umedanganywa." Nami najua alimaanisha, kwa sababu bibi yangu hakuwa mtu wa kusema jambo ili kumfurahisha mtu. Aliishi misimu mingine miwili ya kabeji, na katika misimu hiyo Mwalimu Gerda hakukosa hata siku moja.

Nilikuwa nakaa nje kwenye ngazi ya mawe, beseni tupu magotini, nikiwasikia. Mwalimu alisema kitu, bibi akamtania, wote wawili wakacheka, kicheko kirefu cha wanawake waliokwisha kuoneana kila kitu. Kisha mimi nilibisha hodi kuchukua maji machafu. Kicheko kilikatika. Nilisikia kanga ikivutwa, na bibi akanijibu kwa adabu, jinsi anavyojibiwa mgeni yeyote:

"Karibu. Subiri kidogo."